Kondoo Watatu na Kitunga Kimoja



Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita tuliwauliza vijana walioketi ukumbini, nao walipita arobaini, ni nani kati yao amewahi kushika ukwato wa kondoo na kuukata. Mikono sita iliinuka, na mmoja wa hiyo sita ukashuka tena kwa haya. Ilhali kila Dominika kwaya zetu huimba habari za kondoo, zizi na mchungaji, kwa sauti nne, bila kukosea noti. Hatusemi hayo ili kuwacheka waimbaji, maana nasi tu miongoni mwao.

Leo twataka kusema juu ya kondoo mwingine, yule anayelia nyuma ya jiko kabla hakujapambazuka vizuri, mwenye harufu ya mkojo na majani yaliyooza, ambaye mwenyewe akichelewa kuamka hushinda na njaa. Twataka kusema pia juu ya kazi ya mikono inayofanyika kando yake: kusuka, kushona, kutengeneza ngozi. Maoni yetu ni kwamba, kwa kijana wa milima ya Kabare na Walungu, lupango mdogo wenye kondoo wachache na ufundi mmoja uliojifunzwa vizuri ni maisha kamili, yanayostahili kuchaguliwa hata na mwenye diploma mfukoni. Lakini twaongeza masharti mawili, na ni kwa ajili ya hayo tumeshika kalamu. Ufundi usihesabiwe kuwa kazi ya kujaza saa za bure. Na kondoo ahesabiwe kuwa mali ya yule anayemchunga.

Wengi wenu mmezaliwa katika familia zisizo na hata hekta moja. Babu alipata shamba kwa kalinzi, akatoa alichotakiwa kumpelekea mwenye ardhi, na haki ile ikarithiwa. Baba akapewa kipande chake, nanyi mwagawana kipande cha kipande. Asiye na kitu hulima kwa bwasa, yaani hukodi shamba kwa msimu, na msimu ukiisha hana hakika ya kurudi pale pale. Mtu wa bwasa hapandi mti wala hachimbi mtaro wa kuzuia mmomonyoko, kwa maana angemchimbia nani? Katika hali hiyo ng'ombe amekuwa hadithi ya wazee. Kondoo mzima wa aina yetu, mwenye kilo kama 30, hutosheka kwa kilo 4 au 5 za nyasi mbichi kwa siku, na nyasi hizo zaweza kuota kwenye kingo za matuta, setaria na matete, zikishika udongo usishuke bondeni huku zikikatwa kulisha zizi. Mbuzi naye ni mnyama mwema, lakini hupenda majani ya vichaka na hupanda juu ya kila kitu. Tumeona mihogo ya jirani ikipeleka familia mbili mbele ya chifu kwa sababu ya mbuzi mmoja. Kondoo huinamisha kichwa na kula nyasi.

Kisha kuna samadi. Zizi likiinuliwa juu ya nguzo na sakafu yake kuwa ya fito zenye nafasi, mavi huanguka chini, hukusanywa, huchanganywa na majani ya migomba na kurudi katika maharage. Kwa udongo uliochoka kama wetu, twathubutu kusema kwamba samadi ndiyo mavuno ya kwanza ya kondoo, na nyama ni ya pili. (Katika baadhi ya familia zetu wazee hawali nyama ya kondoo hata leo. Hatuna neno nao. Bila shaka desturi hiyo imewapa kondoo wengi uzee mwema.)

Sasa yafaa tuungame kosa letu. Tulipoanza kazi hii tulinunua kondoo majike 12 na dume mmoja, tukawagawia vijana 12 baada ya mafundisho ya alasiri moja tu. Tulipiga picha. Ulikuwa mwezi wa Machi, mvua ikinyesha karibu kila siku. Kufikia mwanzo wa kiangazi majike saba walikuwa wamekufa. Wapo waliosema ni wivu wa majirani, wapo waliotaja uchawi, na katika kamati yenyewe mmoja aliuliza kama vijana hawakuwauza kwa siri. Tulipomwita mganga wa mifugo hakumtafuta mchawi. Alimshika kondoo aliyebaki, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatuonyesha: nyama ya ndani ya kope ilikuwa nyeupe kama karatasi.

Ilikuwa minyoo, ile inayokaa tumboni na kunyonya damu. Mabuu yake hupanda juu ya majani yenye umande, na vijana wetu, kwa bidii zao, walikuwa wakiwatoa kondoo alfajiri ili wawahi shule. Kijana mmoja alikuwa ametuambia kwa furaha kwamba kondoo wake amenenepa hata kidevu. Kumbe ulikuwa uvimbe wa maji chini ya taya, dalili ya damu kuisha, na siku ya nne yake alimkuta amekufa. Kondoo hulia akiwa na njaa, lakini akiwa mgonjwa hunyamaza. Husimama pamoja na wenzake, hutembea wanapotembea, hata siku anapolala chini asiinuke. Ndiyo maana yule anayemfuga lazima awe na macho. Kuangalia kope hakuchukui muda kupita Baba Yetu moja, na kope ikiwa nyekundu hakuna haja ya kutumia dawa, kwa sababu dawa itolewayo ovyo kwa kila kondoo kila mwezi huwafundisha minyoo kuizoea.

Tangu hapo hatumpi mtu mnyama kabla hajakaa miezi mitatu kwa mfugaji mwenye uzoefu, akisafisha zizi lake bila malipo. Baadhi ya wazazi wamenung'unika kwamba tunawafanya watoto wao kuwa watumishi. Tumewajibu kwamba tulijaribu njia nyepesi, na saba walikufa. Katika miezi hiyo kijana hujifunza kungoja umande ukauke, kukata kwato kabla hazijapinda na kuoza katika matope, kuweka chumvi, na kumtenga mgeni kabla ya kumchanganya na wengine. Hujifunza pia kwamba kondoo, kuliko wanyama wengine wa nyumbani, hudhurika kwa shaba, ambayo hujikusanya katika ini lake. Basi asikate nyasi chini ya mikahawa iliyonyunyiziwa dawa ya shaba, hata kama ni nzuri na ndefu kuliko zote za mlimani. Na ajue kwamba ipo chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, akumbuke kuiulizia kabla ugonjwa haujafika kijijini, kwa sababu ukishafika umechelewa.

Tuseme basi kondoo wameishi. Jike hubeba mimba miezi mitano, hunyonyesha kama mitatu, na akitunzwa vizuri aweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili. Mwenye watatu leo ataonekana, kwenye karatasi, kuwa na kundi baada ya miaka michache. Tumeiandika hesabu hiyo ubaoni mara nyingi, na vijana huipenda. Kisha Septemba hufika. Masomo ya msingi yalitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado hulipiwa, na daftari, viatu na sare havijatangazwa kuwa bure na mtu yeyote. Katika majuma mawili ya kwanza ya Septemba njia ya sokoni hujaa kamba na kondoo. Wanunuzi wanajua. Husimama mlangoni pa soko mikono mgongoni, hawana haraka, na bei hushuka kadiri jua linavyopanda. Tumeona jike mwenye mimba ya miezi minne akiuzwa kwa bei ya kondoo mkondefu, na mnunuzi akimbonyeza tumbo huku akitabasamu.

Hapo ndipo ufundi unapoingia, na hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaouita kazi ya pembeni. Binti mmoja wa shirika la jirani husuka vitunga vyenye mfuniko kwa nyuzi za katani na mafunjo, tangu alipokuwa darasa la sita; alifundishwa na shangazi yake. Alipokea kondoo mmoja kutoka kwetu katika kundi la pili. Septemba mbili zimepita naye hajauza hata mmoja. Tulimwuliza siri yake. Akatuonyesha daftari ya likelemba: kila Jumamosi anapeleka vitunga viwili sokoni, sehemu ya pesa anaweka katika likelemba ya wasichana wanane, na zamu yake ameomba iwe mwishoni mwa Agosti. Basi. Chumvi, dawa ya minyoo, kamba, vyote vyatoka katika kitunga. Sasa ana majike watatu, na wana-kondoo wawili amekwisha kuwarudisha ili wapewe wengine, kama ilivyo kanuni yetu.

Tulijifunza kwake jambo ambalo hatukuliona wakati wa kupiga picha. Kondoo ni akiba, naye huikusanya polepole. Akiba isiyokuwa na mlinzi huliwa na haja ya kwanza inayobisha hodi: homa ya mtoto, msiba, barua ya shule. Ufundi ndio unaosimama mlangoni na kuzijibu haja ndogondogo, ili kondoo apate muda wa kuzaa. Kwa hiyo twasema waziwazi kwa wenzetu wa kamati: mradi wa kugawa mifugo kwa kijana asiye na kipato cha kila juma ni mradi wa kuwapatia wachuuzi nyama ya bei nafuu.

Lakini ufundi nao una adabu yake. Tumeona katika maonyesho ya parokia mifuko iliyoshonwa kwa uzi mbovu, vikapu vinavyoyumba mezani, ngozi zinazonuka, na mnunuzi akitoa pesa huku akiangalia pembeni kwa huruma. Mtu huyo harudi. Huruma hununua mara moja tu, tena karibu na Noeli. Kijana anayetaka kuishi kwa ufundi ajifunze kwa ukali ule ule anaojifunzia kemia au Kifaransa. Chukueni ngozi. Kondoo wetu hawana sufu ya kufuma. Wana nywele fupi, na mwenye ndoto ya kutengeneza fulana za sufu hapa kwetu atangoja sana. Ngozi yao yenyewe ina mafuta na ni laini, haina nguvu ya ngozi ya mbuzi. Ukiiwamba kwenye ngoma itawahi kupasuka, na mpiga ngoma atakukumbuka katikati ya Gloria. Lakini kwa kifuniko cha kiti, mfuko mdogo, jalada la kitabu cha nyimbo, inafaa sana. Itiwe chumvi saa zile zile mnyama anapochunwa, isingoje kesho. Iwambwe kivulini, isianikwe juani, kwani jua huikausha juu na kuiacha ikioza ndani. Na kwa kuilainisha na kuipa rangi, maganda ya ule mti wa akasia nyeusi tunaoukata kila siku kwa makaa yana dawa inayotumika duniani kote kutengeneza ngozi. Tunachoma mti na kutupa ganda! Kazi yake ni ya majuma kadhaa, mikono hubadilika rangi, na mara ya kwanza ngozi itatoka ngumu kama ubao. Mara ya nne itakunjika.

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kufikiri hivyo. Nchi ya Lesotho, iliyozungukwa pande zote na Afrika ya Kusini, ni nchi ya milima mitupu, ya baridi, yenye udongo uliochakaa kama wetu. Kwa vizazi vingi wanaume wake walishuka kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 100,000. Kisha migodi ikaanza kuwaachisha kazi, wakarudi nyumbani maelfu kwa maelfu. Walichokuta nyumbani ni wanawake, kondoo wa sufu na mbuzi wa singa laini. Sufu na singa hizo ni kati ya bidhaa ambazo nchi ile huuza ng'ambo, na katika mji wa Teyateyaneng wanawake hufuma mazulia na picha za ukutani ambazo wageni huja kuzinunua. Hatusemi kwamba Lesotho ni paradiso. Wizi wa mifugo huko umeleta vifo, na wavulana wengi wachungaji wamekosa shule kwa sababu ya kundi la baba. Tunalosema ni kwamba mgodi ulipofunga mlango, mahali pa kurudia palikuwapo, na palikuwapo kwa sababu kuna waliobaki na kuendelea kufuga na kufuma.

Nasi tuna migodi yetu. Hakuna kijana anayesoma ukurasa huu asiyekuwa na kaka au rafiki huko Kamituga, Misisi au Nyabibwe. Hatuwahukumu. Kijana anayelima kipande cha kipande, akimwona mwenzake akirudi na simu mpya na pikipiki, hawezi kuambiwa tu abaki. Mnakumbuka pia Septemba ya mwaka 2020, mvua ilipojaza mashimo huko Kamituga na wachimbaji kwa makumi wasitoke tena. Tunawaomba tu, wale wanaokwenda, waache nyuma kitu kinachokua wanapokuwa mbali, chini ya mkono wa mtu wanayemwamini. Na wale wanaobaki wasijione kuwa ni mabaki.

Tumefika kwenye sharti la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza kwa sababu linawahusu wazazi wetu tunaowaheshimu. Mwaka jana binti mwingine, aliyemlisha jike wake tangu akiwa mwana-kondoo, alirudi kutoka shule akakuta kamba tupu. Baba alikuwa amemwuza ili kukamilisha mali ya posa ya kaka mkubwa. Hakukuwa na ugomvi. Baba alishangaa tulipokwenda kuuliza: kondoo alikuwa katika lupango wake, alikula nyasi zake, na msichana mwenyewe kesho ataolewa na kwenda kwa watu. Alitukaribisha vizuri, akatupa kasiksi. Tulikunywa, tukaaga, tukaondoka bila kondoo. Binti yule hajaja mkutanoni tena, na akikutana nasi njiani husalimia kwa heshima na kupita.

Twakiri kwamba tulinyamaza kupita kiasi siku ile. Heshima kwa mzazi si kumwacha atende lisilo haki mbele ya macho yetu tukishika vikombe vyake. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ile ya mwaka 1987, inawahesabu watoto wote, wa kiume na wa kike, kuwa warithi wa daraja la kwanza. Na marekebisho ya mwaka 2016 yalifuta lile sharti la mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria. Ikiwa sheria inamruhusu binti kurithi shamba, kwa nini asimiliki kondoo aliyemlisha kwa mkono wake? Tena tumeona hasara yake kwa macho. Mvulana ambaye kondoo wake huuzwa na mkubwa wake, na msichana ambaye wake huolea kaka, hawafugi tena. Wanakwenda kutafuta mali ile ambayo hakuna mtu anayeweza kuifungua kamba wakiwa shuleni, na kwa kawaida mali hiyo iko mbali na nyumbani.

Wapo watakaotuuliza: na vita je? Swali hilo hatulikimbii. Milima yetu imepoteza ng'ombe kwa maelfu katika vita vya miaka hii thelathini, na aliyenyang'anywa kundi lote usiku mmoja ana haki ya kutabasamu tunapomwambia habari ya kukata kwato. Hatuna jibu la kuziba swali lake. Tunajua tu kwamba katika familia zilizokimbia na kurudi, mwenye wanyama wadogo watatu alianza upya mapema kuliko aliyekuwa na ng'ombe kumi, na kwamba mama mmoja aliyelala miezi mitano chini ya hema alikula kwa vitunga, kwa sababu vidole vyake havikuporwa. Ndiyo sababu nyingine inayotufanya tusiweke ufundi nyuma ya kondoo.

Kundi la tatu litagawiwa baada ya wana-kondoo wa msimu huu kuachishwa maziwa. Majina 19 yameandikwa, na wanyama watakuwa tisa au kumi. Safari hii kila mzazi ataitwa mbele ya shirika lake, binti au mwana akiwa amesimama kando yake, naye atatia sahihi au kidole kwamba mnyama huyu na uzao wake ni wa mtoto huyu kwa jina, na kwamba hatauzwa bila neno lake. Wazazi wawili wamekwisha kukataa na kuondoa majina ya watoto wao. Katika kamati kuna wanaotaka tulegeze kanuni ili watoto hao wasikose. Sisi tunaoandika hapa tumepiga kura ya kutolegeza, na mkutano wa Jumamosi ijayo, saa nane, baada ya mazoezi ya kwaya, utaamua. Yule binti wa kamba tupu tumempelekea ujumbe. Tumemwandika wa kwanza.